Kamera ya Kifuani na Waandishi Wawili Watukufu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), ambaye hakuna jicho linaloiba mtazamo gizani bila Yeye kulijua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema. Ndugu zangu wa kiume na dada zangu katika imani, naanza kwa kujiusia mwenyewe na kukuusieni nyinyi kumcha Mola wetu, kwani ucha Mungu ndio akiba ya siku ambayo cheti cha chuo hakitamfaa mtu.

Kabla sijaingia kwenye mada, nitasimulia jambo ambalo baadhi yenu mnalikumbuka. Usiku mmoja polisi walifanya msako katika nyumba za kupanga wanazoishi wanafunzi. Katika msako ule yalitokea mambo mawili. La kwanza, kijana mmoja, jirani yangu wa chumba cha pili, alipigwa barazani mpaka akavunjika mkono. Alipokwenda kushitaki aliulizwa ushahidi uko wapi. Askari walisema alianguka ngazini akikimbia. Hapakuwa na picha wala shahidi aliyekubali kusimama, na kesi ikafia hapo hapo. La pili, mlango wa chumba cha dada zetu ulisukumwa bila hodi, na mmoja wa waliokuwa kwenye msako akawa anarekodi kwa simu yake. Dada mmoja alikuwa ametoka kuoga, kichwa wazi, kanga moja. Kabla ya adhana ya Alfajiri video ile ilikuwa imeshafika kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Dada yule hakurudi chuoni muhula uliofuata.

Tazameni, wapendwa. Usiku ni ule ule, na dhulma ni mbili. Kilichostahili kurekodiwa hakikurekodiwa, na kilichoharamishwa kurekodiwa kikarekodiwa na kusambazwa. Hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu siku hizi kuna mjadala katika nchi nyingi kuhusu askari kuvaa kamera kifuani, na vijana wa Kiislamu tunajadili kama watu wasio na Kitabu. Mmoja anasema, "Wavae wote, saa zote." Mwingine anasema, "Wasivae kabisa, hao ni wapelelezi tu." Dini yetu haikutuacha hivi hivi katika jambo hili. Ina mizani.

Sekunde thelathini alizozisahau

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ni kamera ndogo inayofungwa kwenye sare, kifuani. Askari anabonyeza kitufe inaanza kurekodi, anabonyeza tena inazima. Lakini nyingi kati yake zina siri moja: hata kabla ya kubonyezwa, kamera huwa inahifadhi kwa muda picha za sekunde chache zilizotangulia, mara nyingi bila sauti. Kitufe kikibonyezwa, sekunde zile nazo huingia kwenye kumbukumbu.

Mwezi Januari 2017, katika jiji la Baltimore nchini Marekani, askari mmoja alionekana kwenye video ya kamera yake mwenyewe akiweka mfuko wa dawa za kulevya katikati ya takataka uchochoroni. Akatoka mpaka barabarani, akabonyeza kitufe, kisha akarudi "kutafuta" na "kuukuta" mfuko ule. Alisahau kwamba kamera yake ilikuwa imeshika sekunde 30 za kabla. Mtu aliyekamatwa kwa ajili ya dawa zile alikaa mahabusu kwa miezi. Video ilipotoka, mashitaka dhidi yake yakafutwa. Askari alijitetea kwamba alikuwa akirudia tu namna alivyozipata dawa zile, lakini mwaka 2018 mahakama ilimtia hatiani kwa kutengeneza ushahidi.

Ndugu yangu, usicheke ukamcheka yule askari peke yake. Nani kati yetu hana sekunde thelathini anazodhani hazikurekodiwa? Allah (S.W.) ametufundisha katika Suratu Qaf, aya ya 17 na 18, kwamba kuliani na kushotoni mwa kila mtu wamekaa wapokezi wawili, na hakuna neno linalotoka kinywani ila yupo aliye tayari kuliandika. Katika Suratul Infitar aya ya 10 mpaka 12 akawaita waandishi watukufu wanaoyajua tunayoyatenda. Kamera ya waandishi hao haina kitufe. Haiishi chaji. Haidondoki. Na Siku ya Kiyama, kama ilivyokuja katika Suratu Yasin aya ya 65, hata kinywa kitafungwa, na mikono na miguu ndiyo itakayotoa ushahidi.

Kwa hiyo Muislamu hashangazwi na wazo la matendo kurekodiwa. Analala nalo na kuamka nalo. Swali letu ni jingine: binadamu akishika chombo cha kurekodi, mpaka wake uko wapi?

Mwenye nguvu ndiye wa kumulikwa kwanza

Msingi wa kwanza ni kwamba aliyepewa mamlaka hapaswi kuchukia kuonekana anavyoyatumia. Mtume (S.A.W.) alikuwa kwenye itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, mkewe Bi Safiyya (R.A.) akamtembelea usiku. Alipotoka kumsindikiza, wakapita watu wawili wa Kiansari, wakaona na kuharakisha mwendo. Mtume (S.A.W.) akawasimamisha, akawajulisha kwamba mwanamke yule ni Safiyya, mkewe. Wakastaajabu, nani angemdhania yeye vibaya? Naye akawaeleza kuwa shetani hutembea ndani ya mwanadamu kama itembeavyo damu, akachelea asije akatia jambo nyoyoni mwao. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Kama aliyehifadhiwa na makosa aliona ni haki kujieleza mbele ya raia wawili njiani, itakuwaje kwa mwenye bunduki, pingu na rungu?

Msingi wa pili ni ushahidi. Katika sheria yetu, anayedai ndiye anayetakiwa alete ubainifu. Imam Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria), katika kitabu chake cha At-Turuq al-Hukmiyya, alifafanua kuwa ubainifu haukufungwa kwenye idadi ya mashahidi tu. Ni kila kinachoidhihirisha haki. Sasa fikirini, mnyonge aliyepigwa peke yake barazani usiku atampata wapi shahidi? Kumwambia alete ubainifu huku umemnyima kila njia ya kuupata ni kumdhulumu mara ya pili.

Mnakumbuka Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020. George Floyd alikufa chini ya goti la askari. Taarifa ya kwanza ya polisi iliyazungumza mauti yale kama tukio la kiafya lililotokea wakati polisi wakishughulika na mtu. Ukweli ulijulikana kwa sababu binti wa miaka 17 aliyekuwa akipita alisimama akarekodi kwa simu yake. Baadaye, kwenye kesi ya mwaka 2021, picha za kamera za kifuani za askari waliokuwepo zilionyeshwa mahakamani pia, na tarehe 20 Aprili mwaka huo askari yule akatiwa hatiani kwa mauaji. Suratul Baqara aya ya 283 imetukataza kuuficha ushahidi na ikausema moyo wa anayeuficha kuwa ni wenye dhambi. Basi kuuzima ushahidi makusudi kwa kidole, wakati rungu liko juu, ni katika mlango huo huo.

Faragha ni haramu yenye uzio

Lakini mizani ina sahani mbili. Dini iliyoamrisha ushahidi ndiyo iliyojenga ukuta wa faragha, na ukuta huo ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Suratun Nur aya ya 27 na 28 imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza upelelezi wa aibu za watu, ikaliweka katazo hilo kati ya dhana mbaya na kusengenya, kwa kuwa mambo hayo matatu ni ndugu: dhana huzaa upelelezi, upelelezi huzaa usengenyaji. Sahl bin Saad (R.A.) amesimulia kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (S.A.W.), naye alikuwa ameshika kitana. Akamjulisha kuwa lau angejua anachungulia, angemchoma nacho jichoni, na kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Zingatieni hapo. Hodi haikuwekwa kwa ajili ya mguu. Iliwekwa kwa ajili ya jicho. Na kamera ni nini kama si jicho lisilosahau?

Wengine watasema, "Hayo ni kwa raia. Serikali ina haki ya kujua." Basi sikilizeni habari ya Sayyidna Umar (R.A.), naye ndiye serikali. Alikuwa akizunguka Madina usiku pamoja na Abdurrahman bin Auf (R.A.), wakaona mwanga kwenye nyumba moja na kusikia sauti zimepanda. Umar akaitambua nyumba na akajua wamo wanakunywa. Akamtaka mwenzake ushauri. Abdurrahman akamjibu kwamba kwa maoni yake wao wawili ndio waliofanya lililokatazwa, kwa kuwa Allah amekataza upelelezi nao wamepeleleza. Umar akaondoka, akawaacha.

Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) aliletewa mtu, akaambiwa huyu ndevu zake zinadondoka pombe. Akajibu kuwa wamekatazwa kupeleleza, lakini jambo likiwadhihirikia watalichukulia hatua.

Likiwadhihirikia. Neno hilo moja limebeba mada yetu nzima. Lililo wazi linashughulikiwa na kuandikwa. Lililositirika halichimbuliwi. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, alipoeleza kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa maadili na masoko, alimzuia kupekua maovu yasiyodhihiri. Akatoa ruhusa pale tu habari ya kuaminika inapokuja kwamba kuna jambo ambalo likipita halirudi, kama mtu kuingizwa mahali ili auawe. Hapo atauvunja mlango.

Basi lini iwashwe, lini izimwe?

Tukiushika msingi huo, majibu hayatakuwa magumu.

Iwashwe pale askari anapoanza kutumia mamlaka yake juu ya mtu: anapomsimamisha barabarani, anapompekua, anapomkamata, anapomsafirisha garini, na kabla hajatumia nguvu. Iwashwe tangu mwanzo, kwa sababu nusu ya tukio inaweza kuwa uongo mtupu. Na asiizime mpaka jambo liishe. Askari anayesema kila siku kwamba kamera "iligoma" kwenye tukio la kupiga watu, lakini haigomi siku raia anapomtukana, aulizwe.

Amjulishe mtu kwamba anarekodiwa. Hiyo ndiyo hodi ya kamera. Isitoshe, mtu akijua anarekodiwa, mara nyingi na yeye hushusha sauti.

Nyumbani kwa mtu, kama hakuna hati ya upekuzi wala dharura ya kuokoa maisha, aombe idhini ya kurekodi, na akikataliwa aizime. Kukiwa na hati au dharura, kamera iendelee ili ilinde pande zote mbili, lakini wanawake wapewe nafasi ya kujisitiri, na jicho lisielekezwe lisikohitajika.

Aliyetendewa jinai, hasa aliyenajisiwa au mtoto aliyedhulumiwa, aulizwe kwanza. Huyo tayari amevuliwa sitara moja, asivuliwe ya pili. Kadhalika mtu anayeleta habari za siri kwa kuogopa kulipiziwa kisasi. Na wodini, mgonjwa aliyelala hana kosa.

Misikitini, makanisani, kwenye darsa na mikutano ya amani, kamera isitumiwe kuorodhesha nani alihudhuria. Hilo ndilo tajassus lenyewe, hata likivaa sare. Na hatari imeongezeka, kwa sababu siku hizi picha inaweza kuunganishwa na programu za kutambua nyuso. Jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza Januari 2020 ya kuzuia kwa miaka mitatu programu hizo zisitumike kwenye kamera za askari. Waliona kwamba chombo kilicholetwa kumwangalia askari kinaweza kugeuzwa kumwangalia raia.

Mwisho, picha ni amana. Ziwepo kanuni za nani anaruhusiwa kuzitazama, zitafutwa lini kama hazina kesi, na adhabu gani inamngoja anayezivujisha. Mwenye malalamiko apate njia ya kuomba picha zinazomhusu, isiwe askari peke yake ndiye mwenye ufunguo wa sanduku. Hapa Uganda tayari tuna kifungu cha 27 cha Katiba kinacholinda faragha ya mtu na nyumba yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Baada ya mauaji ya afisa wa ngazi ya juu wa polisi, Machi 2017, kamera za barabarani zilianza kusimikwa Kampala kwa wingi. Wanafunzi wa sheria miongoni mwenu, hiyo ni kazi yenu: someni sheria hizo, mjue zinasema nini kuhusu kila picha inayochukuliwa.

Kamera haina taqwa

Baada ya yote hayo, tusiifanye kamera kuwa mwokozi. Katika mji wa Rialto, California, jaribio la mwaka mmoja lililoanza 2012 lilionyesha malalamiko dhidi ya askari yakishuka kwa takriban asilimia 88, na matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia 60. Watu wakashangilia. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa Washington, D.C., uliohusisha askari zaidi ya 2,000 na kutolewa 2017, haukuona tofauti ya maana kati ya waliovaa na wasiovaa. Na Januari 2023 huko Memphis, askari waliompiga Tyre Nichols mpaka akafa siku tatu baadaye walikuwa na kamera vifuani. Walijua. Picha iliyoonyesha kipigo kile kwa uwazi zaidi ilitoka kwenye kamera nyingine iliyokuwa juu ya nguzo ya barabarani.

Kwa hiyo kamera humsaidia anayeogopa kuonekana. Asiyeogopa adhabu ya mkubwa wake haimzuii, na asiyemwogopa Mola wake haimtibu. Jibril (A.S.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ihsani, alifundishwa kuwa ni kumuabudu Allah kana kwamba unamuona, na kama wewe humuoni basi Yeye anakuona. Nchi inahitaji kamera na mahakama za kuzitazama, na inahitaji pia watu wenye ihsani. Miongoni mwenu wapo watakaokuwa maafisa wa polisi, mawakili, mahakimu na wahandisi wa mitambo hiyo. Ihsani ianze sasa.

Tumalizie na simu zetu

Sasa nirudi kwenye usiku ule, kwa kuwa nimewasema askari na bado sijajisema.

Video ya dada yetu ilinifikia saa kumi na moja alfajiri. Niliifungua. Nilijua ni nini, kwani aliyeituma aliandika maneno ya mzaha juu yake, na bado niliifungua. Sikuisambaza, na kwa muda mrefu nikajiona mwema kwa hilo. Lakini nilikaa kimya ndani ya kundi lenye ndugu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Iondoeni." Wengine walisambaza kwa nia waliyoiita nzuri, eti watu waone polisi walivyotudhalilisha. Aliyedhalilishwa hakuulizwa.

Suratun Nur aya ya 19 imewaahidi adhabu iumizayo wale wanaopenda uchafu uenee kati ya walioamini. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Askari yule alikuwa na simu moja. Sisi tulikuwa na mamia. Yeye alivunja mlango mara moja, sisi tukauvunja kila tulipobonyeza.

Na usiku huo huo, wakati kijana wa chumba cha pili anapigwa, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na simu mkononi. Niliogopa. Sikurekodi. Siku ya kutoa ushahidi sikwenda pia. Kamera yangu ilizimika ilipotakiwa kuwaka, na jicho langu likawaka lilipotakiwa kuzimika. Nimemwomba msamaha kijana yule, naye amenisamehe. Dada yule sijampata.

Basi tuagane kwa mambo matatu. Ukiona dhulma inafanyika hadharani na unaweza kuirekodi bila kujitia katika maangamizi, irekodi, kisha uipeleke kwa wakili au kwenye ofisi inayohusika, na umuulize aliyedhulumiwa kabla ya kuirusha popote. Ukiletewa aibu ya mtu, isimamie kwako: usiifungue, ifute, na umwambie aliyekutumia. Na ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Suratun Nisa aya ya 135 imetutaka tusimame kwa uadilifu ingawa ni dhidi ya nafsi zetu wenyewe.

Ewe Mola wetu, tusitiri aibu zetu na utupe nyoyo za kusitiri aibu za wenzetu. Wape wenye mamlaka juu yetu hofu ya siku watakayosimama mbele yako bila sare. Mfariji kila aliyevuliwa heshima yake bila haki, popote alipo. Na siku daftari zitakapofunguliwa, utujaalie tuwe katika wanaopewa zao kwa mkono wa kulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.